Gunia la Sukuma Lina Historia, na Si Ile Unauziwa

Kila wiki simu yangu inaniletea video ile ile. Msee yuko kwenye roshani safi, ndoo sita nyeupe zimepangwa laini moja, muziki mtamu unalia chini, na juu kuna maandishi makubwa: njia mpya ya kulima mjini. Anachuma majani matatu ya sukuma, anatabasamu kwa kamera, halafu anakuambia ulipie mafunzo yake. Watu wanapenda, watu wanasambaza.

Sina noma na huyo msee. Akipanda, apande. Shida yangu ni neno moja tu: mpya. Kulima mjini hapa Nairobi ni jambo la kitambo kuliko KICC, kuliko barabara ya Thika, kuliko hata hii nchi kuitwa Kenya. Kitu kipya ni kwamba siku hizi anayelima mjini anapigiwa makofi. Kwa miaka mingi alikuwa anafukuzwa, na mahindi yake yanafyekwa yakiwa bado mabichi.

Kwa hivyo leo sikufundishi kupanda, ingawa tutafika kwa gunia. Nataka tuulize swali moja ambalo video hazigusi: ni nani aliruhusiwa kuweka mkono kwenye udongo wa huu mji, ni nani alikatazwa, na kwa nini? Ukilijibu hilo, utaelewa mambo mengi kuhusu bei ya chakula chako, kuhusu mwenye ploti wako, na hata kuhusu mshahara wa babu yako.

Chakula kilikuwa hapa kabla ya mji

Tulifunzwa shuleni kwamba Nairobi ilikuwa kinamasi kitupu mpaka reli ilipofika mwaka 1899. Hiyo ni nusu ya story. Bonde lenyewe lilikuwa la Wamaasai, walileta ng'ombe kunywa maji, na jina la mji limetoka kwa maneno yao ya maji baridi. Lakini ukipanda kidogo upande wa Dagoretti na Kabete, ulikuwa unaingia kwenye mashamba ya Wakikuyu. Kulikuwa na maharagwe, viazi vitamu, mahindi, ndizi.

Misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda ilikuwa inasimama huko kununua chakula kabla ya safari ndefu ya Bonde la Ufa. Ndiyo maana kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome yake ya Dagoretti mwaka 1890, na Fort Smith mwaka uliofuata. Walifuata chakula. Walikuta watu wanaojua kulima vizuri kiasi cha kulisha kijiji na bado kubaki na ya kuuzia mamia ya wapagazi.

Kisha reli ikaja, ikaja na stoo, karakana, ofisi, na mji. Mwaka 1902 ugonjwa wa tauni ukaingia kwenye bazaa ya Wahindi, na wakubwa wakaamuru ichomwe moto. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ikamtuma daktari mmoja, W. J. Simpson, aje kuangalia hali ya afya Afrika Mashariki. Ripoti yake ikapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mitaa tofauti. Tangu hapo, afya ikawa ndiyo lugha ya kugawa Nairobi. Ukitaka kumwondoa mtu mahali, sema anahatarisha afya. Weka hiyo kichwani, tutaihitaji baadaye.

Mshahara wa mtu asiye na familia

Hapa ndipo mambo yanakuwa moto. Nairobi ya mkoloni ilimhitaji Mwafrika afanye kazi, lakini haikumtaka akae. Alihesabiwa kama mgeni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kipande kikaanza kutumika: kila mwanamume Mwafrika abebe kitambulisho chenye alama za vidole, kwenye kikasha cha chuma kinachoning'inia shingoni. Nyumba alizopewa, kama zile za reli kule Landhies, zilikuwa chumba kimoja kimoja. Hesabu ilikuwa ya vitanda, si ya familia.

Na mshahara ulifuata hesabu hiyo hiyo. Mfanyakazi Mwafrika alilipwa kama mtu ambaye hana mke wala mtoto. Alikuwa nao, kila mtu alijua. Lakini mwajiri alisema: familia iko rizavu, ina shamba, itajilisha. Mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipokubali wazi kwamba mtindo huo hauwezi kuendelea, ikapendekeza mshahara unaoweza kutunza familia.

Hebu soma hiyo tena polepole. Maana yake ni kwamba nyanya zetu, wakilima maharagwe kijijini, walikuwa wanalipia sehemu ya mshahara ambayo reli na ofisi za Nairobi zilikataa kulipa. Jembe la mwanamke wa Murang'a au wa Maragoli lilikuwa linafadhili kampuni za mjini. Hakuna aliyemwandikia risiti.

Mimi ninavyoisoma, ndiyo sababu wazo la Mwafrika kulima mjini lilikuwa gumu kumezwa. Ukimpa nafasi ya kupanda mboga mlangoni, mkewe atakuja. Mkewe akija, watoto watakuja. Watoto wakija, watataka shule, maji na nyumba ya vyumba viwili. Sukuma moja mlangoni ni alama kwamba mtu ameamua kukaa.

Sasa linganisha na kwao. Mwaka 1908, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowataka viongozi wa mitaa kuwatafutia watu vipande vya ardhi vya kukodi na kulima mboga, wananchi wakivihitaji. Mfanyakazi wa kiwanda London au Birmingham alikuwa na haki ya kuomba kishamba kidogo. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali hiyo hiyo ilifanya kampeni kubwa ya kuwaambia raia wachimbe kila mahali. Hata handaki la Tower of London, ngome ya wafalme, lilipandwa mboga. Kufikia katikati ya vita kulikuwa na karibu vishamba 1,400,000 vya aina hiyo.

Himaya ni moja, mfalme ni mmoja. Kule kulima mjini kulikuwa uzalendo. Huku kulikuwa uchafu.

Na usidhani Mwafrika hakushika jembe Nairobi. Alilishika sana, lakini kwenye bustani ya mtu mwingine. Muthaiga, Karen, Westlands, kila nyumba kubwa ilikuwa na bustani ya mboga na mwanamume mzima aliyeitwa shambaboi. Alijua kupanda letusi, karoti, koliflawa na biringanya. Jioni alirudi chumbani kwake mahali ambapo hakuna hata futi moja ya kupanda kitunguu. Jina hilo la shambaboi bado tunalitumia, hata kwa mzee wa miaka sitini, na hatushtuki.

Wanubi, na msitu ulioitwa Kibra

Kulikuwa na watu wachache walioponyoka mtego huo kidogo. Askari Wanubi, waliotoka Sudan na kupigana kwenye jeshi la King's African Rifles, walikaa na familia zao kwenye msitu wa kusini magharibi mwa mji. Wakaita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa la kijeshi, ekari 4,197.

Wanubi walijenga nyumba zenye nafasi, wakafuga, wakapanda. Ukiongea na wazee wa Makina watakuambia kuhusu miembe na mashamba ya mahindi mahali ambapo leo huwezi kupitisha mkokoteni. Lakini hawakupewa hatimiliki. Waliruhusiwa tu. Miaka ikaenda, serikali ikakata kipande hiki ikajenga mtaa, ikakata kile ikajenga mwingine, na watu waliobaki wakasukumwa kwenye eneo dogo zaidi kila mwongo.

Nawataja kwa sababu Kibera ndipo gunia litakapokuja kuwa maarufu. Watu wanaozungumza kuhusu gunia la Kibera husema ni ubunifu wa maskini wasio na ardhi. Ni kweli, lakini hiyo ardhi ilikuwepo. Mahali hapo palikuwa shamba kabla ya kuwa mabanda.

Mbu, mahindi na panga la kanjo

Uhuru ulikuja 1963. Bendera ikabadilika, vitabu vya sheria vikabaki kwenye rafu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilitungwa wakati wa ukoloni. Kifungu chake cha 157 kinampa waziri nguvu ya kupiga marufuku kulima na kumwagilia mimea ndani ya miji na karibu nayo, ili kuzuia malaria. Sababu iliyokuwa inatolewa ni kwamba mahindi yanaficha mbu, maji yanatuama pale jani linaposhikana na shina, basi malaria inazaliwa hapo.

Tatizo ni kwamba mbu wa malaria hupenda kutaga kwenye vidimbwi vya ardhini, kama alama ya gurudumu iliyojaa maji ya mvua au mtaro ulioziba. Yaani vitu ambavyo ni kazi ya baraza la jiji kurekebisha. Lakini kuziba mashimo ya barabara kunagharimu pesa, na kukata mahindi ya mama fulani hakugharimu kitu.

Kwa hivyo kanjo walikuja na panga. Mwanamke amelima kando ya reli, kando ya mto, chini ya nyaya za stima. Amepalilia miezi mitatu. Mahindi yanaanza kutoa ndevu, asubuhi moja yamelala chini. Yeye akipiga kelele, anaambiwa anavunja sheria.

Cha kushangaza ni kwamba hawakuacha kulima. Mwaka 1985 taasisi ya Mazingira Institute ilifanya uchunguzi kwenye miji sita ya Kenya: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kakamega, Kitui na Isiolo. Ilikuta kwamba asilimia 29 ya familia zilikuwa zinalima sehemu ya chakula chao hapo hapo mjini walipokuwa wanaishi. Ni karibu familia tatu kwa kila kumi. Mwaka 1991 mtafiti Donald Freeman alitoa kitabu kizima kuhusu wakulima wa viwanja vya wazi vya Nairobi, akauita mji wa wakulima. Wengi aliowakuta walikuwa wanawake, na wengi walilima ili wale, wala si kwa ajili ya biashara.

Kumbuka miaka hiyo ya themanini na tisini ilikuwaje. Kazi zilipungua, serikali ilikata matumizi kwa masharti ya Benki ya Dunia na IMF, bei zikapanda. Familia nyingi za Eastlands zilivuka hicho kipindi kwa sababu mathe fulani alikuwa na laini tano za mboga mahali ambapo haruhusiwi. Aliyekuwa anavunja sheria ndiye alikuwa anazuia njaa.

Mboga iliyoitwa magugu

Kuna kukatazwa kwingine ambako hakukuhitaji panga. Kulifanywa kwa aibu.

Sukuma wiki tunayoiona kama mboga ya Kenya ni mgeni. Ni jamaa wa kabeji, ililetwa na Wazungu, ikakubali udongo wetu, ikapata jina letu kwa sababu inasukuma wiki mpaka pesa iingie. Siidharau, nimekuzwa nayo. Lakini kabla yake kulikuwa na managu, terere, saga, kunde, mrenda, kanzira. Nyingi zilijiotea zenyewe karibu na boma, na wanawake walijua ipi inapikwa na maziwa ili uchungu uishe, ipi anapewa mama aliyejifungua.

Mashule, mashirika ya dini na maafisa wa kilimo walizitazama kama magugu. Kilimo cha kisasa kilimaanisha kabeji na karoti kwenye mistari iliyonyooka. Mtoto aliyebeba mrenda shuleni alichekwa. Mpaka tukafika mahali ambapo mtu wa Nairobi aliona haya kununua terere sokoni, akaona ni chakula cha kijijini au cha mtu ambaye mambo yamemwendea vibaya.

Aliyeturudisha kwenye akili zetu, kwa sehemu kubwa, ni mwanasayansi Mkenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT. Alitumia miaka na miaka kuzipima mboga hizi, mbegu zake, virutubisho vyake, jinsi ya kuzipanda na kuzipika. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah. Mwaka 2021 UNESCO ikaweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya kienyeji kwenye orodha yake ya mifano bora. Leo managu inauzwa supamaketi ikiwa imefungwa kwenye plastiki, na bei yake inapita ya sukuma. Magugu yamepanda cheo.

Kwa mtu wa mkebe na gunia hii si habari ya makumbusho. Terere inakua haraka, wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Managu ukiikata vizuri inachipua tena. Ni mboga zilizozoea hapa. Tulifunzwa kuhangaika na zile za wageni huku zetu zikiota zenyewe kando ya ukuta.

Januari 2008

Sasa tufike kwa gunia.

Desemba 27, 2007 tulipiga kura. Wengi mnaosoma hii mlikuwa wadogo au hamjazaliwa. Matokeo yalipotangazwa nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Kibera, vijana waling'oa reli. Malori ya mboga kutoka Bonde la Ufa na mlimani hayakupita, masoko yakachomwa, na mitaa ya mabanda ikafungika. Mama mboga ambaye jana alikuwa na meza, leo hana meza na hana mzigo. Mtu mwenye shilingi mia mkononi alikosa cha kununua.

Mwaka huo shirika la Ufaransa la Solidarités International lilianza kusambaza miche Kibera na kuwafundisha watu kupanda kwenye magunia. Mradi ukaenea mpaka mitaa mingine kama Mathare, na maelfu ya familia wakaingia. Karibu na reli hiyo hiyo iliyong'olewa, kikundi cha vijana, baadhi yao wakiwa wameacha uhalifu, walisafisha jaa la taka wakaligeuza shamba.

Gunia lenyewe halina siri. Unachukua gunia la kilo tisini. Unachanganya udongo na samadi. Katikati unaweka mkebe uliotolewa kifuniko na kitako, kama kasuku kubwa, unaujaza mawe madogo. Unamwaga udongo kuuzunguka, unavuta mkebe juu, unaujaza mawe tena, mpaka unafika mdomoni mwa gunia. Ukimaliza una nguzo ya mawe katikati, na maji ukimwaga juu yanapita na kufika mpaka chini. Halafu unatoboa matundu ubavuni na kupanda miche pande zote. Mahali ambapo ungepanda sukuma tatu chini, sasa una thelathini au zaidi, zimesimama.

Nikiliangalia hilo gunia naona historia yote imekunjwa ndani. Ni shamba la mtu ambaye hajui kama mwezi ujao atakuwa hapo. Udongo wake ni wake, hata kama ardhi iliyo chini si yake. Mtu aliyelinyimwa kila kitu kinachokaa chini alijifunza kulima kwenda juu.

Sheria tunayo, nani anaijua?

Hapa kuna habari nzuri ambayo haijasambaa. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inataka mipango ya miji ifikirie kilimo. Na mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kutoka panga mpaka sheria ya kukuza, hiyo ni safari ndefu. Korona ilipokuja mwaka 2020 na Nairobi ikafungwa, Wizara ya Kilimo yenyewe ikazindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni.

Kwa karatasi tumeshinda. Kwa ploti bado.

Ploti ninayokaa, mwaka juzi wapangaji walikuwa na mikebe na magunia kama ishirini juu ya paa. Terere, dania, pilipili, mama mmoja alikuwa na nyanya zilizoshinda za soko. Mwenye ploti akatuma ujumbe kwamba zitolewe kabla ya Jumapili. Tulipouliza sababu, jibu lilikuwa mbu na uchafu. Jumatatu paa lilikuwa tupu. Nilipokuja kusoma kuhusu Simpson na kuhusu kifungu cha 157, nilicheka peke yangu. Maneno ni yale yale. Yamevuka miaka mia moja bila kubadilisha nguo.

Na hapo ndipo sheria ya 2015 inakwama. Wengi wa Nairobi ni wapangaji. Sheria inaweza kukukubali wewe mkulima, lakini anayeamua kama gunia litakaa kwenye kibaraza ni mwenye kibaraza.

Gunia pia lina uongo wake

Nisije nikawa kama yule msee wa roshani, acha niseme upande wa pili.

Gunia linakunywa maji, na maji mtaani yananunuliwa kwa mtungi. Mfereji ukikauka, utachagua kumwagilia terere au kuoga mtoto, na jibu unalijua. Watu wengi hutumia maji waliyooshea mboga au mchele, na hiyo ni akili. Lakini akili ya mtu mmoja haifanyi mabomba ya jiji yalete maji.

Udongo nao si udongo tu. Mwaka 2007 uchunguzi uliofanyiwa watoto wanaoishi karibu na jaa la Dandora, kwa niaba ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ulikuta nusu ya watoto 328 wakiwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Udongo wa hapo ulikuwa umejaa risasi pia. Kwa hivyo usichote udongo kando ya jaa, gereji, au mto unaonuka rangi ya kiwanda, ukaita mboga zako za asili. Mboga inaweza kumea ikapendeza na bado ikakubebea sumu. Tafuta udongo unaojua umetoka wapi, na samadi ya mtu unayemjua.

Na usitegemee litakulisha. Litakupa mboga, na mboga ni kitu. Unga, maharagwe na mafuta bado ni dukani. Ndiyo maana naogopa mwanasiasa akianza kuisifu sana gunia. Ni rahisi sana kumwambia mtu wa Mukuru ajilimie kuliko kumwambia aliyenyakua uwanja wa umma aurudishe. Mafuriko ya 2024 yalipopita na serikali ikaamuru watu watoke mita 30 kutoka mtoni, matingatinga yalibomoa nyumba Mathare na Mukuru. Mtu hubeba godoro na watoto. Gunia la kilo za udongo hulibebi.

Mkoloni alisema: mkeo yuko rizavu, atajilisha, kwa hivyo nikulipe kidogo. Sitaki mtu wa leo aseme: una gunia, utajilisha, kwa hivyo nisikuletee maji. Ni hesabu ile ile, imehamishwa kutoka kijijini mpaka mlangoni.

Kwa hivyo nataka nini

Nataka tupande, na tupande tukijua. Ukipata mkebe, anza na terere au dania, si lazima ununue ndoo za video. Mwulize shosho yako mboga yake ya kitambo ilikuwa ipi na aliipanda vipi, kabla hajaondoka nayo. Na ukienda kutafuta nyumba, uliza kuhusu paa na kibaraza kabla ya kulipa deposi, vile unauliza kuhusu maji na stima.

Halafu nataka tumtafute MCA. Tuna sheria ya 2015. Tumwulize bajeti yake iko wapi wadi yetu, ni ardhi ipi ya umma imetengwa watu walime, na kwa nini mpangaji hana ulinzi wowote kwenye gunia lake. Uingereza ilijibu swali kama hilo mwaka 1908, kwa watu wake. Sisi tulikuwa chini ya serikali hiyo hiyo, na hatukuulizwa.

Mimi na majirani watatu tumeandika barua moja kwa mwenye ploti, tumeweka nakala ya hiyo sheria ndani. Tumeahidi kufagia paa kila Jumamosi na kuhakikisha hakuna maji yanayotuama. Hajajibu bado. Miche ya managu iko tayari dirishani, ina majani manne.